Bartle Frere na Neno "Uhuru": Historia Iliyo Nyuma ya Uhuru wa Watumwa

Utangulizi

Mtahiniwa akiulizwa aeleze jinsi historia ilivyoiathiri fasihi ya Kiswahili, mara nyingi hukimbilia Vita vya Maji Maji na tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Akisukumwa zaidi hutaja Mau Mau na uhuru wa mwaka 1963. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mojawapo ya vitabu vya kwanza vya nathari ndefu vilivyoandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika wa Kenya ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa London mwaka 1934. Wachache zaidi wanajua kwamba mahali alipokulia mwandishi huyo, Freretown ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, pamepewa jina la mwanadiplomasia na gavana wa Kiingereza, Sir Henry Bartle Edward Frere.

Makala hii inakusudia kuyachunguza maisha ya kazi ya Frere na kuonyesha yanavyotusaidia kukisoma kitabu cha Mbotela. Tunaandika tukiwafikiria walimu na watahiniwa wote, lakini hasa wale wa Sericho na sehemu nyingine za Isiolo, ambako mwanafunzi aweza kuuliza kwa haki: "Mambo ya watumwa wa Pwani na gavana wa Bombay yananihusu nini mimi?" Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe limo katika neno moja lililo kwenye jalada la kitabu: uhuru. Ni uhuru wa nani, ulitolewa na nani, na nani aliyeusimulia?

Kitabu hiki huenda kisiwe katika orodha ya vitabu teule vya mwaka wa mtahiniwa. Hata hivyo, mbinu ya kukihakiki inafaa kwa riwaya, tamthilia au hadithi fupi yoyote inayojengwa juu ya tukio la kihistoria.

Karani aliyepanda ngazi

Frere alizaliwa Wales tarehe 29 Machi 1815. Alisomea katika chuo cha Haileybury, kilichowaandaa vijana kwa utumishi wa Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India, na mwaka 1834 akaenda Bombay. Alianza chini kabisa, katika kazi za ukusanyaji wa kodi. Baadaye akawa katibu wa gavana wa Bombay, Sir George Arthur, na mwaka 1844 akamwoa binti wa gavana huyo. Mwaka 1850 alipewa kuutawala mkoa wa Sind, ambao leo uko Pakistan, na akakaa huko hadi mwaka 1859.

Kuna jambo moja la Sind ambalo mwalimu wa lugha hapaswi kulipita. Frere aliwataka maofisa wake waijue lugha ya wenyeji, Kisindhi, badala ya kutegemea Kiajemi kilichokuwa lugha ya maandishi ya serikali. Wakati huo Kisindhi kiliandikwa kwa hati nyingi tofauti. Mwaka 1853 ukapitishwa mfumo mmoja wa herufi 52 uliotokana na hati ya Kiarabu, na vitabu vya shule vikaanza kuandikwa kwa mfumo huo. Hati hiyo inatumika Pakistan hadi sasa.

Tukio hili linafanana na la kwetu. Kiswahili nacho kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya wamisionari kueneza hati ya Kilatini, na mwaka 1930 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zikaunda kamati ya kukisanifu, kwa msingi wa Kiunguja. Uhuru wa Watumwa kilitoka miaka minne tu baadaye. Kwa hivyo mtawala aweza kuijenga lugha ya watu na papo hapo akaitumia lugha hiyohiyo kuwatawala. Mhakiki asione ajabu kuyakuta mambo hayo mawili katika mtu mmoja.

Mwaka 1862 Frere akawa Gavana wa Bombay, cheo alichoshika hadi 1867. Hapo ndipo anapokaribia Afrika Mashariki, kwa kuwa shughuli za Uingereza katika Unguja zilisimamiwa kwa sehemu kubwa kutoka Bombay. Wafanyabiashara wengi wa Kihindi waliokuwa Unguja walitoka upande huo. Hata Sayyid Barghash bin Said, kabla hajawa Sultani, alipelekwa uhamishoni Bombay mwaka 1859 baada ya jaribio lake la kumpindua nduguye, Sayyid Majid. David Livingstone naye alipita Bombay katika miaka ya 1864 na 1865, akakutana na Frere.

Aidha, karibu na mji wa Nasik, ndani ya jimbo hilohilo, wamisionari wa Kianglikana walikuwa na kituo cha Waafrika waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Baadhi ya waliolelewa huko, kama vile William Jones, ndio walioitangulia Freretown: walirudi Pwani ya Kenya wakiwa walimu na wahubiri. Tutaona umuhimu wao hivi punde.

Unguja, mwaka 1873

Mikataba ya kuzuia biashara ya watumwa ilikuwapo kabla ya Frere. Ule wa mwaka 1822 ulikataza kuwauzia Wakristo watumwa. Ule wa mwaka 1845 ulikataza kuwapeleka nje ya himaya ya Sultani iliyokuwa Afrika. Lakini ndani ya himaya hiyo, kutoka Kilwa hadi Unguja, Pemba na Lamu, majahazi yaliendelea kuwabeba watu kwa maelfu. Mashamba ya karafuu na ya nafaka yalihitaji mikono, na kibali cha kusafirisha ndani kikawa mwanya wa kusafirisha hadi Uarabuni.

Katika mwaka 1872 kelele za wapinga utumwa zilipanda Uingereza, na Frere akiwa miongoni mwa wasemaji wakuu. Serikali ikamteua awe mjumbe maalumu. Alifika Unguja mwezi Januari 1873 akifuatana na mkalimani na mtaalamu wa Kiarabu, George Percy Badger. Alimkuta Barghash amekwisha kuwa Sultani, tena Sultani mwenye shida. Mwaka uliotangulia, kimbunga kikubwa kilikuwa kimeing'oa mikarafuu ya kisiwa cha Unguja na kuzamisha vyombo bandarini. Barghash alitoa hoja kwamba nchi iliyokwisha kupigwa na kimbunga haiwezi kupigwa mara ya pili kwa mkataba. Akakataa.

Frere aliondoka bila saini. Huu ndio ukweli ambao vitabu vingi vya shule huuruka vinapoandika kwamba "Frere alikomesha biashara ya watumwa". Saini ilipatikana baada ya yeye kwenda zake, pale balozi John Kirk alipoagizwa amweleze Sultani kwamba asipokubali, manowari zitakizingira kisiwa. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash akatia saini. Usafirishaji wa watumwa kwa bahari ukapigwa marufuku kabisa, na masoko ya wazi yakafungwa. Pale Mkunazini, palipokuwa na soko la Unguja, wamisionari wakaanza kujenga kanisa mwaka huohuo. Kazi hiyo ilisimamiwa na Edward Steere, yuleyule tunayemkumbuka kwa sarufi yake ya Kiswahili na mkusanyo wake wa ngano za Unguja uliotoka mwaka 1870.

Mkataba ule ulikuwa na maana kubwa, na mhakiki mwadilifu hawezi kuudharau. Kwa mtoto aliyefungwa chini ya jahazi, manowari ya Kiingereza ilikuwa tofauti kati ya kurudi kuwa mtu na kubaki bidhaa. Lakini tuzingatie ulichoacha. Ulikataza biashara ya baharini na kuuacha utumwa wenyewe. Wafanyabiashara waliifuata njia ya nchi kavu, wakiwatembeza mateka kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, hata ikabidi Barghash atoe matangazo mengine mwaka 1876 kuipiga marufuku misafara hiyo. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika Pwani ya Kenya mwaka 1907. Kutoka mkataba wa 1873 hadi sheria ya 1907 ni miaka 34. Mtu aliyezaliwa mtumwa Malindi mwaka ule wa mkataba angeweza kuwa na wajukuu kabla sheria haijamtambua kuwa huru.

Freretown na kalamu ya Mbotela

Frere alirudi Uingereza akiwashauri wamisionari waanzishe makazi ya watu waliookolewa baharini. Shirika la Kianglikana la CMS likamtuma Mchungaji William Salter Price, aliyewahi kukiongoza kile kituo cha Nasik. Price alifika Mombasa mwishoni mwa mwaka 1874, akanunua ardhi upande wa bara wa Kisauni, na makazi yakaitwa Freretown. Wale waliorudi kutoka India ndio waliokuwa walimu, mafundi na wakalimani wa kwanza. Waliookolewa walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wengi. Hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Kengele yao ya kutoa tahadhari ya mashambulizi imeacha jina hadi leo: abiria wa matatu za Mombasa hushuka Kengeleni.

James Mbotela ni mtoto wa makazi hayo. Babake alitekwa, akatembezwa hadi pwani, akapakiwa jahazini, akaokolewa na manowari, akaletwa Freretown. Alimsimulia mwanawe, na mwana akaandika. Kwa hivyo kitabu hiki kina miguu miwili: mmoja katika fasihi simulizi, kwa kuwa ni masimulizi ya mzee aliyeyaona mambo, na wa pili katika fasihi andishi. Mtahiniwa anayeulizwa uhusiano wa tanzu hizi mbili ana mfano wa wazi hapa.

Kitabu kimelaumiwa. Wahakiki wengi wamekiona kuwa kimejaa kasumba ya kikoloni. Mwingereza huonekana kama mkombozi asiye na doa, Mwarabu huonekana kama chanzo cha kila uovu, na Mwafrika kama mtu wa kuokolewa. Lawama hiyo ina msingi. Toni ya shukrani imetawala, na shukrani haina nafasi ya kuuliza maswali.

Hata hivyo, mhakiki asiishie kwenye lawama. Tukumbuke mambo mawili. Kwanza, mtoto anayeandika habari za mtu aliyemwokoa babake ana sababu ya kushukuru ambayo sisi hatunayo. Kumwambia kwamba shukrani yake ni kasumba tupu ni kumnyang'anya babake kisa chake. Pili, kitabu cha 1934 kilichapishwa London na shirika la Kikristo. Kitabu kilichomlaumu Mwingereza kisingepata mlango wa kutokea. Kwa hiyo tunapouliza kwa nini mwandishi hakusema jambo fulani, tuulize pia kama aliruhusiwa kulisema.

Sasa tuangalie yaliyoachwa nje. Freretown haikuwa pepo. Maisha yaliendeshwa kwa kengele na kwa amri, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi mmoja wa makazi alishutumiwa kwa kuwachapa watu viboko hata ukafanywa uchunguzi. Watu walitolewa kwenye amri ya nahodha wakatiwa katika amri ya mmisionari. Amri hizi mbili si sawa, lakini zote ni amri.

Jambo kubwa zaidi lililoachwa ni watoro. Wakati manowari zikivinjari baharini, watumwa wengi wa mashamba ya Pwani walikuwa wakijikomboa kwa miguu yao wenyewe. Walikimbilia bara na kuanzisha vijiji vyao, maarufu zaidi kikiwa Fuladoyo, nyuma ya Takaungu. Wengine waliingia Rabai na kujichanganya na watu wa misheni. Ilipofika mwaka 1888 watoro walikuwa wengi kiasi kwamba mabwana zao walitishia kuivamia misheni. Ikabidi kampuni ya IBEA, chini ya George Mackenzie, iwalipe mabwana hao fidia, na zaidi ya watoro 1,400 wakapewa hati za uhuru siku ya kwanza ya mwaka 1889. Yatazameni mantiki ya tukio hili. Aliyelipwa ni bwana. Mtumwa, aliyefanya kazi bila ujira maisha yake yote, hakulipwa kitu. Lakini pia ni yeye aliyelazimisha malipo hayo kwa kutoroka. Uhuru huo haukuletwa na gavana yeyote. Gavana na kampuni waliufuata nyuma.

Gavana yuleyule, upande wa kusini

Mwanafunzi anayemjua Frere kwa jina la Freretown tu hushtuka akifuatilia kazi yake ya mwisho. Mwaka 1877 aliteuliwa kuwa Gavana wa Koloni ya Rasi na Kamishna Mkuu wa Afrika Kusini. Kazi yake ilikuwa kuziunganisha koloni na jamhuri za huko kuwa shirikisho moja chini ya bendera ya Uingereza. Ufalme wa Wazulu, uliokuwa huru na wenye jeshi kubwa chini ya Cetshwayo, ulionekana kuwa kizuizi.

Kulikuwa na mzozo wa mpaka kati ya Wazulu na Makaburu wa Transvaal. Tume iliundwa, ikachunguza, ikaona kwamba haki ilikuwa zaidi upande wa Wazulu. Frere aliikalia taarifa hiyo. Ilipotolewa, tarehe 11 Desemba 1878, ilifuatana na masharti ambayo hakuna mfalme angeyakubali. Miongoni mwake, Cetshwayo alitakiwa auvunje mfumo wake wa kijeshi, ambao ndio uliokuwa mfumo wa jamii nzima. Frere hakungoja idhini ya London, na Januari 1879 majeshi yakavuka mpaka. Tarehe 22 mwezi huo Wazulu waliwashinda Waingereza huko Isandlwana, ambako zaidi ya watu 1,300 wa upande wa Uingereza waliuawa. Wazulu walioanguka katika vita vile vyote ni maelfu. Julai mwaka huo mji mkuu wa Ulundi ukachomwa, Cetshwayo akakamatwa na kuhamishwa. Frere alikaripiwa na serikali yake, na mwaka 1880 akaitwa nyumbani. Alifariki tarehe 29 Mei 1884.

Ni mtu mmoja. Miaka sita kabla ya Isandlwana alisimama mbele ya Barghash akitetea watu wanyonge. Je, alikuwa mnafiki? Jibu la haraka ni ndiyo, lakini halitusaidii sana. Ukizitazama safari zake zote mbili kwa pamoja utaona zinafuata kanuni moja: kwamba Mwingereza anajua linalowafaa wengine, na wasipokubali kwa maneno watakubali kwa manowari au kwa bunduki. Katika Unguja kanuni hiyo ilikutana na jambo ambalo kweli lilikuwa ovu, ikazaa mema. Kwa Wazulu ilikutana na taifa lililotaka kuachwa peke yake, ikazaa makaburi. Katika istilahi za fasihi tungesema mhusika huyu hakubadilika, ila mandhari ndiyo iliyobadilika. Hiki ni kinaya cha kihistoria, na mtahiniwa anayeweza kukieleza hivyo amepiga hatua mbele ya yule anayeorodhesha sifa za mhusika kuwa "mkarimu, shujaa, mpenda haki".

Sericho inaingia wapi?

Turudi kwa mwanafunzi wetu wa Sericho, karibu na Ewaso Nyiro, ambaye huenda nyumbani anazungumza Kiborana au Kisomali na Kiswahili amekipata shuleni. Ana njia tatu za kuingia katika historia hii.

Njia ya kwanza ni ya nasaba. Waborana ni sehemu ya jamii pana ya Waoromo. Mnamo Septemba 1888, miaka minne baada ya kifo cha Frere, manowari ya Osprey iliyakamata majahazi katika Bahari ya Shamu yaliyobeba watoto wa Kioromo kuelekea Uarabuni. Watoto hao walipelekwa kwanza Aden, na mwaka 1890 watoto 64 wakahamishiwa shule ya wamisionari ya Lovedale, Afrika Kusini. Mmoja wao alikuwa msichana aliyeitwa Bisho Jarsa. Mjukuu wake, Neville Alexander, alifungwa katika kisiwa cha Robben kwa kupinga ubaguzi wa rangi, na baadaye akawa mmoja wa watetezi wakubwa wa lugha za Kiafrika katika elimu hadi alipofariki mwaka 2012. Kwa hivyo kisa cha jahazi na manowari si cha Wayao na Wamakua pekee. Kuna watoto waliolia kwa lugha inayoeleweka Sericho.

Njia ya pili ni ya tarehe. Mwaka 1934, mwaka uleule Uhuru wa Watumwa kilipotoka na kumshukuru Mwingereza kwa kuleta uhuru Pwani, serikali ya kikoloni ya Kenya ilipitisha Sheria ya Wilaya Maalumu. Kabla yake kulikuwa na Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya mwaka 1902. Chini ya sheria hizo Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo Isiolo ilikuwa sehemu yake, iligeuzwa kuwa eneo la kuingiwa na kutokwa kwa kibali. Maofisa walipewa uwezo wa kuzuia mienendo ya watu na kuwaweka kizuizini watu wa jamii zilizohesabiwa kuwa na uhasama. Mfugaji, ambaye uhai wake ni kuhama kufuata mvua, alihitaji ruhusa ya kuhama. Sheria hizo ziliendelea kutumika hata baada ya mwaka 1963. Mwalimu akiviweka vitu hivi viwili ubaoni, kitabu upande mmoja na sheria upande wa pili, na juu yake akaandika mwaka mmoja tu, 1934, darasa litakuwa na mjadala wa kutosha kipindi kizima.

Njia ya tatu ni ya masimulizi, nayo ndiyo muhimu kuliko zote. Wazee wa Kiborana wa Isiolo wanakiita kipindi cha Vita vya Shifta, vilivyoanza 1963 hadi 1967, na taabu zilizofuata, gaafa dhaabaa, yaani wakati wa kusimamishwa. Watu walikusanywa vijijini, mifugo ikafa au ikachukuliwa, na uchumi wa ufugaji ukaanguka. Walioyaona mambo hayo wakiwa watu wazima leo ni wakongwe, na kila mwaka wanapungua.

Hapa ndipo Mbotela anapotufundisha jambo ambalo lawama zetu kwake hazilifuti. Alikaa chini akamsikiliza babake, kisha akaandika kwa Kiswahili. Asingefanya hivyo, habari za jahazi lile zingebaki katika taarifa za Frere na Kirk peke yake, na babake angekuwa tarakimu katika hesabu ya waliookolewa. Frere ana sanamu London na wasifu wa majuzuu mawili. Mzee Mbotela ana kitabu kimoja chembamba, chenye kasoro, kilichoandikwa na mwanawe. Mzee wa Sericho ana nini?

Mwongozo kwa mtahiniwa

Katika kuhakiki kazi yoyote iliyojengwa juu ya historia, tunapendekeza maswali matatu.

Kwanza, nani anasimulia, na alikuwa wapi tukio lilipotokea? Barghash, Frere, Kirk na mzee Mbotela wote waliuona utumwa, lakini mmoja aliuona akiwa ikulu, wawili wakiwa na manowari nyuma yao, na mmoja akiwa ndani ya jahazi.

Pili, ni nini kimeachwa? Watoro wa Fuladoyo hawamo katika sifa za Frere. Wazulu wa Isandlwana hawamo katika jina la Freretown. Kilichoachwa huonyesha msimamo wa msimulizi sawa na kilichotajwa.

Tatu, gharama ililipwa na nani? Mwaka 1889 fidia ilikwenda kwa bwana. Mwaka 1879 gharama ya shirikisho ililipwa na Wazulu pamoja na askari wa kawaida wa Kiingereza. Ukijua aliyelipa, utajua neno "uhuru" lina uzito gani katika kinywa cha anayelitamka.

Mtahiniwa aepuke makosa mawili. La kwanza ni kuandika insha ya historia tupu mahali palipotakiwa uhakiki: kila tarehe anayoitaja iongozwe hadi kwenye maudhui, wahusika au toni ya kazi anayoihakiki. La pili ni kulitumia neno "kasumba" kama rungu la kufunga mjadala. Aonyeshe kasumba imo katika tukio gani na imejengwa kwa mbinu gani, ndipo hoja yake iwe na nguvu.

Hitimisho

Frere alikuwa mwanadiplomasia hodari aliyeshindwa kupata saini aliyotumwa kuipata, gavana aliyeijengea lugha moja maandishi, msemaji wa watumwa, na mwanzishaji wa vita visivyo vya haki. Historia haitutaki tuchague moja kati ya hayo tuyafute mengine. Fasihi nayo haitutaki tumsujudie Mbotela wala tumtupe. Inatutaka tulisome neno uhuru kwa makini kila linapojitokeza, na tuhakikishe kwamba walioukosa nao wameandikwa. Kazi hiyo ya pili haingoji mtaalamu kutoka mbali. Mwanafunzi wa Sericho mwenye daftari, kalamu na babu aliye hai anaweza kuianza likizo hii.

Maswali ya kujadili

1. "Shukrani haina nafasi ya kuuliza maswali." Jadili kauli hii ukirejelea kazi yoyote ya fasihi ya Kiswahili uliyoisoma.
2. Eleza jinsi masimulizi ya mzazi yanavyoweza kugeuka kuwa fasihi andishi. Ni nini hupotea, na ni nini huongezeka?
3. Linganisha uhuru wa kupewa na uhuru wa kujitwalia, kwa kutumia mifano ya Freretown na Fuladoyo.
4. Mhoji mzee mmoja wa kwenu kuhusu tukio la kihistoria aliloliona. Andika masimulizi yake kwa Kiswahili, ukiyahifadhi maneno muhimu ya lugha yake ya kwanza.